Zoezi na Kwata: Mchezo Utungwao na Kundi na Habari za Kampuni katika Usambara

Mchezo wa kuigiza huzaliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mtungaji mmoja aketiye peke yake, akayaandika maneno yote, kisha akawapa wachezaji wayahifadhi. Njia ya pili ni ya kundi la wachezaji waingiao mahali pa mazoezi bila ya maandishi, wakiwa na jambo moja walitakalo kulisema. Hujaribu mwendo, ishara, sauti na nyimbo mpaka mchezo ukapata umbo, na maandishi, kama yatakuwapo, huja nyuma. Njia hii ya pili ilipata sifa katika Ulaya hasa baada ya Jacques Lecoq kufungua shule yake mjini Paris mwaka 1956, na baada ya watu waliosoma kwake kuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la Complicité mjini London mwaka 1983. Kwa sababu hiyo wako wadhanio kuwa ni ufundi mgeni katika Afrika Mashariki. Dhana hiyo haina msingi. Vichekesho vya wakati wa ukoloni katika Tanganyika vilichezwa bila ya kuandikwa: wachezaji walipatana juu ya kisa na mwisho wake, na maneno yakapatikana papo hapo mbele ya watazamaji. Ngoma nazo hazikungoja kalamu hata siku moja.

Njia hii yapendwa na makundi yatakayo kusema habari za kampuni na ofisi, na sababu yake si ngumu kuiona. Kampuni humtawala mtu kwa mwili kabla ya kumtawala kwa maneno. Humpa saa ya kufika na saa ya kuondoka. Humwonyesha mahali pa kusimama. Humfundisha nani ainuke mkubwa aingiapo, na nani abaki amekaa. Mambo hayo aghalabu hayasemwi, hufanywa tu. Mtungaji mwenye kalamu huweza kuyaacha kwa kuwa hayana sauti, lakini wachezaji watungao kwa viungo vyao huyakuta mwanzo kabisa wa kazi. Hiyo ndiyo faida. Hatari yake nayo yastahili kuchunguzwa kwa makini: kundi lililozoezwa kwenda kwa mguu mmoja laweza kufanana na lile gengi la vibarua ambalo mchezo wenyewe unalilaumu.

Mahali pafaapo kwa uchunguzi huo ni Lushoto na milima ya Usambara. Wasomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichotolewa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962, waijua Usambara kuwa nchi ya Mbegha na wafalme wa Vuga. Lakini milima hiyo hiyo imeishi na mashamba ya walowezi na ya makampuni kwa muda upitao miaka 100, na kazi ya mashamba hayo imeacha alama katika miili ya watu na katika lugha ya Kiswahili pia.

Ushahidi wa maneno

Yafaa kuanza na lugha. Neno kampuni limetoka katika Kiingereza, na maana yake haikuhama mbali: ni chombo cha biashara chenye wenyewe. Neno shirika asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa kushiriki na ushirika. Lataka kila aliyemo awe na fungu lake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shirika la umma likawa jina la vyombo vya uchumi vilivyokuwa mali ya taifa. Miaka minne baadaye Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana na dharau za viongozi, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliwakataa mameneja wao. Kile kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mjini Dar es Salaam wakakishika wenyewe mwaka 1973. Ugomvi ule ulikuwa wa mamlaka na heshima kazini. Mtaalamu wa lugha aweza kuuona pia kuwa ni ugomvi wa neno: mahali pa kazi pasipomshirikisha mtu paitweje?

Maneno mengine yameshikamana zaidi na mwili. Nyapara alikuwa mkuu wa wapagazi katika misafara ya karne ya 19. Akawa msimamizi wa vibarua mashambani. Tena akawa mfungwa aliyewekwa juu ya wenziwe gerezani. Jina moja limepita katika msafara, shamba na jela, na umbo la mwenye jina halikubadilika: yeye husimama wakati wenziwe wameinama. Manamba walikuwa watu walioletwa kutoka mbali kwa mkataba, hasa katika mashamba ya mkonge yaliyoko chini ya milima, pande za Korogwe. Walijulikana kwa nambari kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Kipande kilikuwa karatasi ya kuhesabia siku za kazi, 30 kwa kawaida, lakini maana yake ya kwanza ni sehemu iliyokatwa katika kitu kizima. Mchezaji apewaye maneno haya manne au matano, akaambiwa asiyatamke bali ayafanye, amepata nusu ya mchezo wake.

Mwili wa mfanyakazi katika Usambara

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, chini ya mlima. Lushoto wakati huo iliitwa Wilhelmstal, nayo ilikuwa makao ya wilaya ya Wajerumani. Walowezi walikuwa na ardhi, lakini hawakuwa na mikono ya kutosha. Msambaa aliyekuwa na migomba yake, mahindi yake na mifugo yake hakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine. Basi mwaka 1907 serikali ya wilaya iliweka kadi ya kazi: kila mwanamume aliyepewa kadi hiyo alipaswa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliowekwa.

Mwenye kutunga mchezo na aitazame vizuri kadi hiyo. Haikuhesabu kahawa iliyochumwa wala miti iliyopandwa. Ilihesabu siku ambazo mwili ulikuwapo. Kabla ya kadi, siku ya Msambaa ilikatwa na jua, mvua na haja za shamba lake; baada ya kadi, siku ilikuwa alama katika karatasi ya mtu mwingine. Huu ndio mwanzo wa jambo liitwalo leo utamaduni wa kampuni, wala halikuanza katika chumba chenye meza ndefu. Mfanyakazi wa sasa wa Dar es Salaam au Nairobi awekaye kidole katika mashine ya mahudhurio kila asubuhi ana ukoo na yule mwenye kadi, ingawa amevaa viatu vizuri na mshahara wake hupita benki.

Sura ya pili ni ya matuta. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza katika Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, na baadaye amri zake zikaenea katika sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta katika miteremko, na aliyekataa aliweza kushtakiwa. Kazi hiyo nzito iliwaangukia hasa wanawake, kwa kuwa wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kilimo. Mpango ulipingwa mpaka ukaachwa katika miaka ya mwisho ya 1950. Haukuwa wa kampuni, lakini kwa mchezo wa kuigiza una jambo lile lile: mstari uliochorwa mezani na mtu asiyeshika jembe, kisha mgongo wa mtu mwingine ukatakiwa uufuate. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wa Usambara, ameonyesha kwamba watu waliupima mpango huo kwa fikira yao ya zamani ya kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu. Kipimo kilikuwa tayari katika Kisambaa kabla ya bwana shamba kuja na kipimo chake.

Sura ya tatu ni ya chai, nayo bado iko. Mchumaji hutwaa majani mawili na chipukizi, kwa mikono miwili, akayatupa katika kikapu cha mgongoni bila ya kuyatazama. Macho yako mbele kwenye kichaka kifuatacho. Majani yakishachumwa hayangoji. Yapasa yafike kiwandani upesi, yanyaushwe, yasagwe, yaachwe yabadilike rangi, yakaushwe na kuchambuliwa. Kwa hiyo saa ya kampuni ya chai haikuwekwa na meneja peke yake. Jani lenyewe lina saa yake, na mchumaji amebanwa kati ya jani na mizani. Mizani ndiyo humaliza siku. Mtu husimama na kutazama sindano au nambari, na katika kitambo hicho kifupi kazi yote ya mikono hugeuka kuwa kilo. Kundi likiweza kukionyesha kitambo hicho kwa ukimya, bila ya hotuba, litakuwa limesema mengi juu ya ujira kuliko kurasa kumi za mabishano.

Iko sura ya nne, iliyo ngumu kuliko zote. Upinzani wa watu wa Usambara mara nyingi haukuwa wa kelele. Mtu hakwenda kuitikia kadi, tuta halikuchimbwa, jembe lilibaki nyumbani. Mwili usiokuja huchezwaje? Mchezaji hawezi kuwapo jukwaani ili aonyeshe kwamba hayupo. Njia iliyo wazi ni kuacha nafasi: mstari wa watu kumi wenye pengo moja, na wale tisa waendelee na mwendo wao wakilikwepa pengo hilo kana kwamba lina mtu. Mtunzi wa maneno angelazimika kumleta mjumbe aeleze nani hakufika na kwa nini. Hapa njia ya mwili yaishinda njia ya kalamu.

Mifano ya kazi ya kundi

Yako mambo matatu katika historia ya maonyesho ya Afrika Mashariki yawezayo kuliongoza kundi la namna hii, na kila moja lina funzo tofauti.

La kwanza ni beni. Ngoma hii ilianza katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea mijini, Tanga ikiwa mojawapo, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikafika mbali barani. Vyama vyake vikubwa, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare, gwaride na mashindano. T. O. Ranger, aliyeandika historia yake mwaka 1975, alikataa kuiona kuwa ni uigaji mtupu wa Mzungu, na kukataa kwake kulikuwa na sababu. Katika beni mwendo wa askari ulifanywa kwa ufundi kamili hata mtazamaji asijue mara moja kama anaona sifa au dhihaka. Karani wa mchana aliweza kuwa jemadari wa jioni. Nguvu yake ilikuwa hapo. Na udhaifu wake pia, kwa kuwa mwenye kuvaa cheo cha mchezo huweza kukipenda. Kundi lichezalo habari za kampuni litakutana na jambo hilo hilo: mchezaji wa meneja akiifanya kazi yake vizuri sana, watazamaji hutaka kuwa meneja.

La pili ni kazi ya wanachuo wa Dar es Salaam. Idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu ilianzishwa mwaka 1967, na miaka miwili baadaye ikachapishwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ambamo kazi ya kulazimishwa katika shamba la pamba la Mjerumani imo jukwaani. Amandina Lihamba alitoa mwaka 1980 Hawala ya Fedha, aliyoitoa katika hadithi ya Sembène Ousmane. Humo mtu amepata hawala lakini ofisi zamrusha huku na huku mpaka fedha yake haimfai. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 chama cha Paukwa kilitunga kwa pamoja mchezo wa Ayubu, wenye nyimbo, ngoma na ishara, ukachapishwa mwaka 1984 kwa jina la chama. Kuweka jina la chama mahali pa jina la mtungaji ni dai la haki: kwamba waliotunga kwa miili yao ni watungaji sawa na mwenye kalamu.

La tatu ni Kamiriithu, karibu na Limuru katika Kenya. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda uliandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa hiyo haukuanza bila ya maandishi. Lakini mazoezi ya mwaka 1977 yalifanywa mahali pa wazi, na wanakijiji, wakiwamo vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, waliusahihisha mchezo wakati ukitengenezwa. Walisahihisha hata namna mzee asemavyo mbele ya watu. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Ruhusa yake ikafutwa tarehe 16 Novemba. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo. Na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Ni vigumu kuamini kwamba maneno peke yake ndiyo yaliyotisha, kwa kuwa riwaya yake ya Petals of Blood, ya mwaka huo huo na yenye lawama kali, iliachwa iuzwe. Kilichotisha ni watu wa kiwanda na shamba kuonekana wakiamua pamoja, mbele ya watu wengine, jinsi maisha yao yatakavyosemwa.

Zoezi si kwata

Mifano hiyo yafikisha kwenye hukumu. Kiswahili kina maneno mawili yapasayo kutenganishwa. Zoezi ni tendo lirudiwalo ili mtu alizoee na kuliweza. Kwata ni tendo lirudiwalo kwa amri ili wote wafanane. Mazoezi ya kundi huhitaji yote mawili kwa kiasi. Watu ishirini hawawezi kuwa mstari wa chai pasipo kujifunza hatua moja. Lakini mchezo juu ya kampuni, kuliko mchezo mwingine wowote, hupimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa. Kiongozi wa mazoezi apigaye makofi, akahesabu moja mbili tatu, akawafukuza waliochelewa na kuchagua peke yake lipi libaki na lipi litupwe, amekuwa nyapara mwenye nia njema. Watazamaji watauona ustadi wake, watausifu, na wataondoka wamefurahishwa na utaratibu ule ule waliokuja kuonyeshwa ubaya wake.

Kipimo basi si uzuri wa mwendo wa pamoja. Kipimo ni swali moja: nani ana haki ya kulisimamisha zoezi? Katika shamba kibarua hakuwa na haki hiyo. Alikuwa na njia moja tu, kutokuja. Katika Kamiriithu hata mtazamaji alikuwa nayo. Kundi lenye haki hiyo kwa kila mtu litakwenda polepole, litapoteza siku nyingi, na mara nyingine litatoa mchezo usiolingana vizuri. Wakosoaji wapendao unadhifu watanung'unika, na manung'uniko yao yana ukweli, maana mchezo mbovu haumkomboi mtu. Hata hivyo hasara hiyo yavumilika kuliko ile ya kumfundisha mchezaji utii kwa jina la kuulaani utii.

Katika Usambara swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu wako watu walioijua kazi yenyewe. Mchezaji wa mjini aweza kuiga uchumaji wa chai kwa siku moja, akaufanya upendeze kama ngoma ya sherehe. Mchumaji wa Bumbuli akiwapo atasema mkono hauendi hivyo, na ya kuwa uchovu wa kweli hauko mkononi bali kiunoni na shingoni. Sahihisho hilo dogo hubadili mchezo mzima, kwa kuwa jambo lililokuwa pambo hugeuka kuwa habari. Kundi lisilomweka mtu wa namna hiyo ndani ya mazoezi, kwa haki sawa na ya wengine, halifai kujiita kundi la kutunga pamoja.

Kazi ya wachunguzi wa lugha

Limebaki jambo liwahusulo wachunguzi na wakosoaji. Michezo ya aina hii hufika maktabani ikiwa imebaki maneno tu, nayo mara nyingi ni machache na makavu. Msomaji aitazamaye kama asomavyo mchezo wa mtungaji mmoja atasema haina kina, wahusika wake ni vivuli, lugha yake ni ya kawaida. Atakuwa amehukumu jivu akidhani ni kuni. Maelezo ya jukwaani, ambayo wakosoaji wengi huyapita upesi, katika michezo hii ndiyo matini yenyewe, na yapasa yasomwe kwa uangalifu ule ule utumiwao kwa mizani ya ushairi.

Zaidi ya hayo, mazoezi yenyewe ni hazina ya lugha. Mchezaji atafutaye neno huku mwili ukiwa kazini hutoa maneno ambayo hayamjii akiulizwa mezani: majina ya mishiko ya jembe, ya mafungu ya kazi, ya aina za uvivu na ukali. Katika Lushoto ulimi wake huenda ukaacha Kiswahili ukaingia Kisambaa mahali fulani, na mahali hapo pana maana. Iwapo mtu huzungumza na mizani kwa Kiswahili na kuzungumza na udongo kwa Kisambaa, hiyo ni habari ambayo kamusi haiwezi kuitoa. Yafaa maneno hayo yaandikwe siku yatokeapo, pamoja na mwendo ulioyazaa, na pamoja na mambo yaliyojaribiwa yakakataliwa na sababu za kukataliwa kwake.

Bila ya kumbukumbu hizo, kizazi kijacho kitapokea vitabu vyembamba vyenye majina ya vyama, kisijue mikono ya nani ilivitunga. Manamba walipoteza majina yao katika daftari za mashamba. Si vyema wachezaji waigizao habari zao wapoteze kazi yao katika rafu za vyuo.